Kona Niliyoinyoosha kwa Kidole Gumba

Jumanne, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi. Baba mdogo alipokea karatasi ya majibu yake, lakini hakuisoma. Aliipeleka dirishani, akaiinamisha kwenye mwanga, akapitisha ukucha kwenye kona ya juu, upande wa kulia.

"Nani kakunja hapa?"

"Karatasi tu hiyo, Baba. Soma majibu."

"Hii imekunjwa makusudi, halafu ikanyooshwa. Mkunjo wa bahati mbaya hauendi sawa namna hii."

Nikacheka. Baba mdogo ni fundi cherehani, ana miaka thelathini na nne kwenye kazi hiyo. Nilidhani ni ufundi tu unamsumbua.

Naandika mambo yalivyofuatana. Sijaongeza kitu.

Mimi nasoma seli. Mtu akipata ugonjwa wa manjano, daktari anaingiza brashi ndogo kwenye mfereji wa nyongo, au sindano kwenye kongosho. Seli zinapakwa kwenye kioo, kioo kinaletwa maabara. Mimi nachungulia kwenye hadubini, naandika nilichoona.

Mpasuaji haoni seli. Anaona maandishi yetu tu.

Na maandishi yetu yalikuwa vurugu tupu.

Mwaka juzi nilichukua kioo kimoja, nikaficha namba yake, nikawapa wenzangu wawili kwa siku tofauti. Mmoja akaandika: seli zimevurugwa na uvimbe wa kawaida. Wa pili: seli si za kawaida. Mimi niliandika: saratani inashukiwa.

Kioo kimoja. Watu watatu. Majibu matatu.

Wa pili ndiye tuliyemwita Mzee Lensi. Alikuwa na miaka sitini na sita, amestaafu, akarudishwa kwa mkataba kwa sababu hapakuwa na mwingine. Yeye sampuli nyingi aliziandika hivyo hivyo: seli si za kawaida. Niliona ni uvivu.

Nikaamua kumaliza huo mchezo.

Upo mwongozo wa kimataifa wenye makundi saba. Nikautumia kutengeneza fomu ya ukurasa mmoja, visanduku saba. Cha kwanza, sampuli haitoshi. Cha pili, hakuna saratani. Cha tatu, seli si za kawaida. Zinapanda hivyo hadi cha saba, saratani. Kila kisanduku nilikipa vigezo vyake vya kuhesabika, na hatua ya kufuata. Hatua za mwongozo niliziona ndefu, nikazifupisha mwenyewe, kamati ya hospitali ikapitisha. Ukitia alama kisanduku cha tatu, mgonjwa anarudia sampuli baada ya wiki kumi na mbili.

Marufuku kuandika pembeni. Marufuku kupigiana simu. Karatasi inaingizwa kwenye skana, mpasuaji anaisoma kwenye kompyuta.

Siku ya mafunzo Mzee Lensi alinyoosha mkono.

"Mwanangu, vigezo vikisema tatu, na mimi naona zaidi ya tatu?"

"Basi ni tatu, Mzee."

"Na hicho ninachokiona nikiweke wapi?"

"Hakina kisanduku."

Watu wakacheka. Na yeye akacheka kidogo, akafuta miwani yake. Nikaendelea na ukurasa uliofuata.

Wiki ya sita ya fomu, mteja mmoja alimtania Baba mdogo: "Fundi, macho yako yamefanana na utepe wako wa kupimia." Akajitazama kwenye kioo cha kujaribia nguo. Macho ya njano kabisa.

Huyu ndiye aliyenilea baada ya baba yangu kufariki. Alinisomesha kwa cherehani moja. Nilimshika mkono nikampeleka mwenyewe hospitalini kwetu. Picha ilionyesha mfereji wa nyongo umebanwa. Wakaweka mrija, wakasugua kwa brashi.

Kanuni inakataza kusoma sampuli ya ndugu. Nikaifuata. Kioo akakisoma Mzee Lensi.

Alhamisi fomu ilifika mezani kwangu, kwa sababu karani alikuwa likizo na kazi ya skana nilikuwa naifanya mimi. Alama ilikuwa kisanduku cha tatu. Kona ya juu kulia ilikuwa imekunjwa.

Skana yetu hailambi karatasi yenye kona iliyokunjwa, inakwama. Kwenye maelekezo nilishaandika kipengele cha kwanza: karatasi inyooshwe.

Nikainyoosha kwa kidole gumba. Mara mbili, maana haikutaka kulala.

Nikaiingiza.

Jumanne iliyofuata ndipo nilimpa Baba mdogo karatasi yenyewe, akaipeleka dirishani.

"Majibu yanasemaje, daktari wangu?" aliniuliza alipochoka na ile kona.

"Kisanduku cha tatu. Tunasubiri wiki kumi na mbili, tunarudia."

"Kusubiri ni kuzuri?"

"Ndiyo utaratibu."

"Sijakuuliza utaratibu."



Mrija ulifanya kazi. Macho yakarudi meupe, mwili ukaacha kuwasha, akala. Wiki ya tano ya kusubiri akanishonea koti jipya la maabara.

"Nimekuongezea mfuko wa ndani," akasema. "Wa kuwekea siri za watu."

Nyumba nzima iliamini amepona. Mimi sikuamini wala sikukataa. Nilikuwa na kisanduku cha tatu.

Wiki ya kumi na mbili walirudia picha. Madoa sita kwenye ini.

Mpasuaji wetu tunamwita Mkasi. Aliniita ofisini, akageuza kompyuta nione.

"Dada, hapa mimi sina kazi tena. Miezi mitatu nyuma ningejaribu."

"Kwa nini hukujaribu?"

"Majibu yalikuwa tatu, na kona ilikuwa imenyooka."

"Kona gani?"

Akanitazama kama mtu anayedhani anataniwa.

"Ya Mzee Lensi. Akiandika 'si za kawaida' na hana wasiwasi, karatasi inakuja imenyooka. Akiwa na wasiwasi anakunja kona. Ikija imekunjwa, mimi sisubiri. Tumefanya hivyo miaka tisa. Hukuwa unajua?"

Nimefanya kazi katika maabara ile miaka kumi na moja. Sikuwa najua.

Nikatoka hapo moja kwa moja hadi kwa Mzee Lensi. Alikuwa anakunywa chai kwenye kikombe chake chenye ufa.

"Ya baba yangu mdogo uliikunja?"

"Niliikunja."

"Uliona nini?"

"Vigezo viwili kati ya vitatu ulivyoviweka kwa kisanduku cha juu yake. Makundi mawili tu ya seli, basi. Lakini jinsi zilivyokaa..." Akapanga vidole vyake juu ya meza, vimepandana. "Hizo nimeziona mara nyingi. Huwa hazina mwisho mzuri."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Si ulipiga marufuku? Uliniambia hakina kisanduku. Nikasema sawa, lakini karatasi bado ina kona."

"Na kwenye kompyuta kona ingeonekanaje, Mzee?"

Akaweka kikombe chini. Hilo hakuwa amelifikiria. Skana hakuwahi kuiona ikifanya kazi, iko chumba changu.

Siku tatu zilizofuata nilishinda stoo ya mafaili. Nilifukua karatasi zake zote za majibu za miaka tisa kabla ya fomu, zilizoandikwa "seli si za kawaida." Zilikuwa 212. Zenye kona iliyokunjwa, 47. Nikafuatilia kila mgonjwa.

Kati ya hao 47, waliothibitika kuwa na saratani walikuwa 44.

Kati ya 165 ambao kona zao zilinyooka, walikuwa 9.

Nikapiga hesabu ya kisanduku changu cha tatu tangu fomu ianze. Wagonjwa 19, saratani 8. Karibu nusu kwa nusu. Ungeweza kurusha sarafu.

Yule niliyemwona mvivu alikuwa na majibu mawili, moja la maneno na moja la mkono. Mimi nilisanifisha la maneno.

Nikamweleza Baba mdogo. Alikuwa amelala ubavu, macho yamerudi njano.

"Ulikuwa sahihi kuhusu ule mkunjo."

"Najua. Nani aliunyoosha?"

"Mimi."

Nilihesabu matone kumi na saba kwenye mpira wa dripu.

"Binti yangu," akasema, "fundi akikuachia mkunjo kwenye nguo, huupigi pasi kabla hujamuuliza wa nini."

"Ndiyo, Baba."

"Miaka yote hiyo umekaa kwenye banda langu, hata hilo hukulishika?"

Alikuwa anatania. Nikamsogezea mto.

Niliandika barua kwa kamati, nikaambatanisha takwimu zote. Niliomba kiongezwe kisanduku kimoja: wasiwasi wa msomaji, ndiyo au hapana. Na kwamba mwenye ndiyo asisubirishwe.

Walinijibu kwa ukurasa mmoja. Ombi limekataliwa, kwa kuwa wasiwasi haupimiki. Walinukuu kumbukumbu za kikao kilichopitisha fomu yangu. Maneno yalikuwa yangu mwenyewe, neno kwa neno.

Mkataba wa Mzee Lensi uliisha mwezi ule. Haukuongezwa. Aliondoka na kikombe chake na miwani, akaacha hadubini imefunikwa vizuri.

Unayesoma, kama umepewa kazi ya kuweka utaratibu mahali, usianze na kalamu. Kaa wiki mbili uangalie mikono ya watu wa zamani inafanya nini. Kisha waulize kwa nini. Mimi niliwauliza wanaandika nini tu.

Baba mdogo alifariki Alhamisi, saa saba na dakika ishirini mchana. Nilikuwepo. Nilikuwa nimevaa lile koti. Fomu yake, ile karatasi yenyewe, ilikuwa kwenye mfuko wa ndani. Mkunjo bado unaonekana.

Jumatatu iliyofuata, saa tatu asubuhi, fomu yangu ilianza kutumika katika hospitali nyingine nne. Kipengele cha kwanza cha maelekezo hakikubadilishwa: karatasi inyooshwe.