Wasimamizi Warudi Ufaransa

Tiketi za ndege zilikuja mbili, na hapo ndipo Perez alianza kunusa. Moja ilitumwa na Bruno. Ingine ikatumwa na Helene, siku tofauti, na kila mmoja aliandika ni kama mwenzake hayuko. Perez aliziangalia kwa simu akiwa pale kibanda yake ya kushona sweta za shule, Kayole, akamuita bwanake Sylvance, akamuuliza tangu lini watu wa nyumba moja wakaita wageni mafungu mafungu. Sylvance ni fundi wa mbao, na maneno kwake ni kama misumari, hatoi bila kazi. Akasema pengine ni mambo ya benki. Perez akamwambia hiyo benki ataijua tu.

Watu wa ploti humuita mdaku, na hao watu wanakosea sana. Mdaku anabeba maneno akipeleka. Perez hapeleki mahali, yeye anataka tu kujua. Gari ya polisi ikisimama hapo Spine Road, anaacha sweta na sindano ndani anaenda kuangalia. Mtu akihama asubuhi na mapema, lazima ajue kama ni kodi ama ni bibi. Akishajua anarudi kwa mashine, na hiyo stori hata umbebe juujuu hataitoa. Anayemuita mdaku ajaribu yeye kukaa na siri za ploti nzima bila kupasuka, ndio aongee.

Na hawa Bruno na Helene hakuwaokota kwa barabara. Walikuwa majirani. Miaka hiyo Bruno alikuwa anafunza vijana kuchomelea vyuma kwa karakana ya kanisa, Helene alikuwa nesi wa kliniki, na walikaa floor moja na kina Perez, wakibeba maji na mitungi kama kila mtu, Wafaransa wazima. Kiswahili chao ni cha Kayole, si cha kitabu. Perez ndiye alimfunza Bruno kusukuma chapati, na alimfunza na chupa ya soda, kwa sababu mti wa kusukumia ulikuwa umeazimwa na jirani na jirani amehama nao.

Walipoamua kuoana walisema harusi ni hapo hapo Kayole, na Perez na Sylvance ndio watakuwa wasimamizi wao. Sasa kuna watu wanadhani msimamizi ni mtu wa kuvaa suti, apigwe picha, ale pilau, aende. Ujinga. Pasta aliwasimamisha mbele ya kanisa yote akawaambia, hii ndoa ikitingika, nyinyi ndio mtaitwa wa kwanza, kabla ya wazazi, kabla yangu. Perez akasema amekubali, na alisema na sauti ya kusikika hadi nje kwa tenti. Zawadi yake ilikuwa kibao cha chapati, pani yake nzito, na mti wa kusukumia ambao Sylvance alichonga mwenyewe kutoka kwa kipande ya mvule.

Baadaye hao wawili walirudi kwao, wakanunua nyumba kuukuu huko kijijini karibu na Limoges, wakaita wasimamizi wao waje waione. Hiyo ndiyo ilikuwa safari ya kwanza. Sylvance alikataa kukaa bure, akawatengenezea mlango wa mbele. Perez aliuliza kila kitu, mpaka mwenye kuuza jibini akafunga duka mapema.

Sasa hii ya pili. Waliposhuka kwa treni walipata magari mawili yanawangoja. Helene alikuwa mbele na yake, amewafungulia mikono. Bruno alikuwa kando na yake, akachukua mabegi. Perez akauliza kama wamekuwa matajiri siku hizi, gari kila mtu. Walicheka wote wawili, lakini kile kicheko cha kufunika sufuria.

Wakafika kwa nyumba. Helene akaingia na wao, mlango ukajifunga na upepo. Kidogo kengele ikalia. Helene akafungua. Ni Bruno, mabegi mikononi, amesimama kwa mkeka wa nje kama mtu wa kusoma mita. Perez akamgeukia Sylvance aone kama ameona. Sylvance alikuwa anapapasa bawaba za mlango wake, akifurahi vile hazijalegea.

Walikula wote wanne, Bruno akaosha vyombo, akafuta meza, akavaa koti, akawatakia usiku mwema. Mlango ukafunga. Perez alingoja asikie akirudi. Akasikia gari ikienda.

"Anaenda wapi?"

"Kwake," Helene akasema, na akaanza kupanga vijiko ambavyo vilikuwa vimepangwa.

Ndio maneno ikatoka. Walikuwa wametengana kitambo. Bruno alikuwa anakaa ng'ambo ya daraja, chumba kiko juu ya karakana yake. Hakuna mwanamke mwingine, hakuna kupigana, hakuna kesi. Perez alisikiza mikono imemkauka mapajani. Fikiria vile aliskia. Ni kama umeshona sweta, ukaituma mbali, halafu unaenda kuiona unapata mikono imekatwa imewekwa kabati ingine.

Asubuhi alimwambia Sylvance lazima kikao kiitwe. Sylvance akasema hii ni Ufaransa, watu wa huku hawakalishwi. Perez akamuuliza kama walioana wapi, Ufaransa ama Kayole. Sylvance akaenda kupanga viti.

Kikao kilikaa vile kinakaa nyumbani. Chai kwanza. Maombi. Halafu kila mtu aongee bila kukatwa. Perez akauliza yote: kama ni pombe, kama ni mtu, kama ni pesa, kama ni watoto ambao hawakupata. Kwa kila swali jibu lilikuwa la. Bruno alisema walifika mahali wakawa wanakaa kama watu wawili kwa foleni ya hospitali, kila mtu anangoja tu aitwe. Helene akasema ni ukweli, na kwamba siku Bruno alitoka, nyumba ilipumua.

Hapo damu ikampanda Perez. Mwizi akiingia kwako unajua utamfukuza. Mwanamke akiingia kwa ndoa ya mtu, unajua nyumba yake ni gani. Sasa hii kitu haina jina unaishika wapi? Akawauliza mbona walinyamaza muda huo wote, yeye huko Kayole akiwaombea ndoa ambayo haipo.

"Mama Keynan, ni wewe ulitusimamia," Helene akasema, akimuita Perez kwa jina la mtoto wake vile ploti humuita. "Hatungekuambia kwa simu. Kila mmoja wetu alitaka kukuita yeye mwenyewe."

Benki ya tiketi mbili ikajulikana basi.

"Na mnataka nifanye nini? Niwape ruhusa?"

"Ndiyo," Bruno akasema. Hakumwangalia. "Tungetaka uturuhusu. Tuwe huru bila kukuogopa."

Perez akasema bado hajamaliza kuuliza. Watalala nusu ya ugeni wao kwa Helene, nusu ingine kwa Bruno, na siku ya kuondoka atawapa jibu. Akachukua kikombe chake, kikao kikaisha.

Kwa Helene alikaa akiangalia. Aliangalia kabati, aliangalia bustani, aliangalia ile upande ya kitanda haijalaliwa. Hakuona kitu. Nyumba ya mwanamke mmoja ambaye yuko sawa, na hiyo ndiyo ilimuumiza zaidi. Jumapili akasema atapika chapati. Helene akatoa kibao, akatoa ule mti wa mvule umeng'ara, halafu akachukua simu.

"Unapigia nani?"

"Bruno. Pani iko kwake. Tuligawana vyombo, mimi nikapata kibao na mti, yeye akapata pani. Kila Jumapili huja nayo."

Bruno akafika na pani kwapani, imefungwa na taulo kama mtoto. Helene akasukuma, Bruno akageuza, wakibishana nani ameweka mafuta mingi. Walikula mpaka wakashiba. Halafu Bruno akaosha pani yake, akaifunga, akaenda nayo. Perez alisimama katikati ya hiyo jikoni akaangalia ukutani. Pani zilikuwa zimetundikwa za kila saizi, kubwa, ndogo, nyeusi, za kung'aa. Akamuuliza Helene mbona hatumii hizo. Helene akasema chapati haitoki poa kwa hizo.

Perez akasema haya. Lakini kitu ilikuwa imemdunga.

Wakahamia kwa Bruno. Bruno akawapa kitanda, yeye akalala kwa kiti. Sylvance na yeye wakashinda huko chini karakana, wanaume wawili hawaongei, wako na furaha yao. Perez naye akazunguka. Pani ilikuwa juu ya jiko, peke yake, kwa msumari wake. Na kando ya mlango, chupa za mvinyo zimesimama mistari kwa mistari, zingine na kitu, zingine tupu.

Alingoja Bruno apande juu kunawa mikono.

"Bruno, siku ukiwa na hamu ya chapati na si Jumapili, unafanya aje?"

Akasema anangoja Jumapili. Hana mti.

"Na hizi?" Perez akainua chupa moja tupu, akaishika vile inashikwa kulala kwa unga.

Bruno aliangalia hiyo chupa ni kama haijawahi kukaa kwake. Masikio yakabadilika rangi. Akasema chupa haisukumi vizuri. Amesema hiyo maneno mbele ya nani? Mbele ya mwanamke alimshika mkono akimfunza kusukuma na chupa, pale Kayole, mpaka ile siku akatoa moja ya mviringo akashangilia korido nzima.

Perez akarudisha chupa mahali yake, pole pole, akashuka ngazi. Hiyo jioni ilikuwa mara ya kwanza Sylvance kumwona bibi yake amekaa bila swali, akadhani ni mgonjwa.

Siku ya kuondoka Helene alikuja kwa Bruno, wakasimama wote kwa karakana na mabegi. Walikuwa wameingiza mikono mifukoni, wote wawili, kama watoto wanangoja ripoti. Perez akafunga koti.

"Ruhusa sina," akasema. "Nilisimamia watu wawili. Kama ni nyumba moja, nitakuja kwa moja. Kama ni mbili, nitakuja kwa zote mbili, na Sylvance atalala mahali nimemwambia. Kukaa, kaeni vile mnataka. Lakini kwa usimamizi mimi sishuki."

Helene alilia kidogo, akacheka. Bruno akambeba Perez juu, kitu ambayo hakuna mtu amefanya Kayole tangu harusi yake. Sylvance naye akamnong'onezea Bruno kwamba amemwachia kitu kidogo kwa meza, aikute akirudi. Perez akasikia. Kila mtu akisukuma mabegi kwa gari, akasema amesahau leso, akapanda juu mbio.

Kayole walifika asubuhi. Nthoki wa mlango unaofuata alikuwa wa kwanza kuuliza vile Ufaransa iko, na kama wale wazungu wa harusi bado wako pamoja. Perez akamwambia wako. Zaidi ya hapo Nthoki hakupata, na aliingia mara tatu akijifanya anataka chumvi.

Sylvance ndiye alifungua begi. Alitoa nguo, akatoa jibini imefungwa na karatasi, halafu akatoa mti wa kusukuma chapati, mpya, wa mbao ya huko, amechonga mwenyewe kwa karakana ya Bruno siku hizo zote wakinyamaza pamoja. Aliushika na mikono miwili.

"Nyar Ugenya," akamuita bibi yake kwa jina la kwao. "Hii si nilimwachia Bruno kwa meza?"

"Uliiacha."

"Na imefikaje hapa?"

Perez alikuwa anachuja unga. Akasema amletee hiyo kitu, aache kusimama akiiangalia.

Simu ikalia. Ilikuwa Bruno. Alitaka kujua walifika salama, na halafu, kwa haya kidogo, akauliza Sylvance alimwachia nini, kwa sababu ametafuta meza yote, hata chini yake, na hakuna kitu. Sylvance akafungua mdomo. Perez akamtoa simu mkononi, vidole vyote vya unga.

"Bruno, hakuna kitu ulipoteza. Huko leo si ni Jumapili?"

Bruno akasema ndiyo.

"Basi beba pani uende kwa Helene."

Akakata. Akafuta simu na leso, akaiweka juu ya dirisha mahali ataiona ikiwaka, akachukua mti wa Bruno akasukuma ya kwanza. Ikatoka mviringo. Kila akigeuza chapati, anacheki simu pale dirishani.