Mfuniko wa Tenki la Kushoto

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alirusha vindege vya injini moja kwa miaka ishirini na sita. Marubani wenzake walimbandika jina la Nusu Saa. Kindege chake kilikuwa na matenki mawili, moja katika kila bawa, na kila baada ya nusu saa alizungusha swichi ili injini inywe upande wa pili, kisha akaandika dakika na lita kwenye kidaftari alichokifunga pajani kwa mpira. Geji za mafuta hakuziamini. "Hizo ni mapambo," alizoea kusema. Kila asubuhi alipanda ngazi, akatumbukiza kijiti chenye alama ndani ya kila tenki, akakisoma, halafu akakaza mfuniko kwa mkono wake mwenyewe.

Asubuhi moja hakupanda.

Ilikuwa siku yake ya sita mfululizo hewani. Usiku alikuwa amelala, kama kulala ndiko kule, kwenye chumba cha wageni chenye kitanda kifupi kuliko yeye, na goti lilimuuma. Mtu wa pampu akashuka akifuta mikono.

"Tayari, kapteni. Nimejaza mpaka juu, nimefunga."

"Umekaza?"

"Kabisa."

Shemeji akaitazama ile ngazi. Aliniambia baadaye kwamba alichosikia moyoni ni shukrani tu, kwamba angalau mara moja kuna mtu kamfanyia. Akaingia ndani.

Abiria alikuwa mmoja, fundi wa mashine za eksirei, mtu wa miraba minne. Alikuwa akienda hospitali ya mbali ambako mashine ilikuwa imekufa wiki nzima. Safari ilikuwa ya saa tatu na nusu, mafuta ya saa tano na ushee. Nusu saa ya kwanza injini ilikunywa kushoto, ya pili kulia. Upepo ulikuwa wa mbele, unawarudisha nyuma, na shemeji alikuwa akipiga hesabu upya huku kope zikimwelemea, ndipo fundi, aliyekaa nyuma yake, akamgusa bega.

"Kapteni, samahani. Kwani huku upande wetu mvua inanyesha?"

Nje jua lilikuwa linapasua. Shemeji akageuza shingo. Nyuma ya bawa la kushoto ulikuwa ukivutika ukungu mwembamba, mweupe. Mafuta. Akaangalia geji ya kushoto, iko karibu na sifuri. Alikuwa ameiona ikishuka muda wote, akaipuuza kama kawaida yake.

Papo hapo akarudisha swichi kushoto, injini inywe kilichobaki kabla hakijamwagika chote. Iliendelea kwa dakika ishirini, ikakohoa. Fundi akakumbatia mkoba wake wa vifaa. Shemeji akageuza kulia, na injini ikashika tena.

"Sasa sikiliza, mzee," akamwambia. "Tumebaki na mafuta ya saa mbili na dakika kumi. Hospitali, kwa upepo huu, ni saa mbili na dakika ishirini."

"Dakika kumi tu? Si unaweza kuyabana? Kuna watu wamevunjika miguu kule, wananisubiri mimi."

"Mafuta naweza kuyabana. Upepo nitaubanaje?"

Shemeji akapinda kuelekea kiwanja cha shamba moja la pamba, mwendo wa dakika arobaini. Njia nzima aliandika kidaftarini kila dakika kumi, mwandiko umelala kama wa mgonjwa.

Walitua salama, vumbi likawafuata mpaka mwisho wa kiwanja. Akaazima ngazi kwa walinzi, akapanda. Mfuniko ulikuwa unaning'inia kwenye mnyororo wake. Akakaa juu ya bawa, akashindwa kushuka.

"Kumbe yule mtu wa pampu ametaka kutuua!" fundi akafoka kutoka chini.

"Hapana. Kupanda ni kazi yangu, na sikupanda."

Ndivyo alivyoandika kwenye ripoti, kwa maneno hayo hayo. Fundi alidandia lori la pamba, akafika hospitali kesho yake mchana, na mashine ikafanya kazi. Shemeji alingoja pipa la mafuta siku mbili.

Mkuu wa marubani alimwita. "Mbona hukuandika kwamba jamaa wa pampu alikuhakikishia?"

"Ningeandika hivyo, ningeanza kuamini kwamba kosa ni lake."

"Basi pumzika wiki mbili, urudi."

"Nitapumzika, mkuu. Kwenye safari ndefu sirudi."

Siku aliporudi nyumbani, dada alimkuta kwenye kochi, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, amelala.

"Baba watoto, ingia ndani ulale vizuri."

"Mama watoto, nimechoka tangu mwaka juzi," akajibu bila kufumbua macho. "Nilikuwa naona haya kusema."

Siku hizi anakaa ofisini, anawapangia vijana safari na kuwakokotolea mafuta. Wanamlalamikia kwamba anawabebesha mengi mno. Dada anasema bado anaamka amechoka, kwamba uchovu wa miaka hautoki kwa majuma machache. Jumapili iliyopita nilipita kumsalimia, nikamkuta amelala tangu saa nne asubuhi. Dada akaniwekea chai, tukaongea kwa sauti ya chini.