Namba Tuliyoigawanya Temeke

Siku niliyoripoti kazini, katika shule moja ya sekondari Temeke, Mkuu wa Idara ya Hisabati hakuniuliza vyeti. Alinionyesha ubao wa ofisi ya walimu. Juu yake palikuwa na namba hii: 576,460,752,303,423,487.

"Unaionaje, binti?"

"Ndefu, Mwalimu."

"Urefu hata mimi nauona. Ni tasa?"

Namba tasa haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Hii haikuwa tasa, vitabu vyetu vilishasema, lakini vigawo vyake havikutajwa, nasi hatukuwa na kompyuta. Inapatikana kwa kuandika mbili mara hamsini na tisa, kuzizidisha zote pamoja, kisha kutoa moja. Kwa sababu hiyo, kila kigawo chake tasa lazima kibakize moja ukikigawanya kwa 118. Hilo lilitupunguzia kazi, ila iliyobaki ilikuwa bado ya kutoa jasho.

Kila Ijumaa tuliwapa kidato cha tatu namba za kujaribu. Kila namba waliijaribu wanafunzi wawili wasiokaa pamoja, wakiigawanya ile ndefu kwayo. Wakipata baki ileile, tunaifuta ubaoni. Wakati wa mitihani ya muhula, Mkuu aliichukua 179,951 mwenyewe.

"Hii ina baki. Futa."

"Wa pili ni nani, Mwalimu?"

"Watoto wana mtihani. Futa!"

Mwalimu mgeni ubishane na Mkuu wa Idara? Nikafuta.

Baadaye nilihamishiwa Mwananyamala, nikawa mwalimu wa taaluma, mwisho mkuu wa shule. Mkuu wangu wa zamani aliendelea kugawanya mpaka akastaafu, asipate kitu. Aliniambia hicho ndicho kinachomuuma kuliko maradhi.

Nami nilistaafu. Juzi mjukuu wangu aliiandika namba ile kwenye simu, na chai haijapoa, jibu likatoka: 179,951 mara 3,203,431,780,337. Ni ile niliyoifuta. Tulikuwa nayo mkononi!

Wanangu walinisihi nimwache mzee wa watu apumzike. Nilisitasita, kwa kweli niliogopa. Lakini vijana, ualimu una ubaya wake: ukishajua jibu, huwezi kukaa nalo. Nikaenda Keko anakoishi, mguu mzito, nikamkuta kitandani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona umekuja na sura ya msiba?"

Nikamweleza. Akaomba kalamu na karatasi. Simu hakutaka hata kuiona. Aligawanya polepole, huku nje mafundi wakigonga makabati. Nilitamani akosee tena, tuendelee kutojua. Hakukosea. Mwisho baki ikawa sifuri.

"Niliharakisha," akasema. "Waambie."

"Nani, Mwalimu?"

"Wote niliowatesa kugawanya. Na useme ni mimi niliyekosea. Usinipambe."

Wanafunzi wetu wa zamani wana kundi lao kwenye simu. Niliandika kama alivyoagiza, nikiona aibu kwa niaba yake. Wa kwanza kujibu alikuwa Zuhura, ambaye siku hizi anauza vinyago Mwenge. Nikamsomea mzee kwa sauti:

"Shikamooni walimu wangu. Mie siamini ng'o mpaka niigawanye mwenyewe."

Mzee alijiinua kwenye mto, uso umemchangamka kabisa.

"Huyo," akasema, "nilimfundisha mimi."