Tundu la Pazia

Juzi, kwenye kutia hina Mji wa Kale, mwenye santuri aliwekwa nyuma ya pazia, kwani ukumbini tulikuwa wanawake watupu. Bibi harusi alipoingia tu, yule bwana akabadilisha sahani, akaweka wimbo wa kumpokea.

Shangazi wa bibi harusi akaja juu. "We bwana, umemwonaje mwari wetu? Mji huu hutaitwa tena harusini!"

"Sikumwona, mama. Mmenyamaza nyote kwa pamoja, nikajua ameingia."

Mimi mwenye mabinti sikumwamini. Nikalikagua pazia, nikaliona tundu, usawa wa macho. Upande wetu lilikuwa limezungukwa na hina mbichi.

Nikageuka kutazama mikono ya wenzangu. Wa kwanza kuificha ndani ya leso alikuwa shangazi.

Tangu siku hiyo pazia nalichunga pande zote mbili.