Chanya, kwa Sauti ya Zeituni

Kaloleni nzima, pale Kisumu, ilimjua Zeituni kwa sauti. Miaka kumi na miwili alikaa kwenye gari la matangazo, spika mbili juu ya paa, akitangaza chanjo, mazishi na sabuni. Kiswahili chake kilinyooka, naye alikijivunia kupita kiasi.

Kwa hiyo shirika fulani lilipotengeneza video ya kuwaelimisha wanawake kuhusu saratani ya mlango wa kizazi, lilimwita yeye. Mchoro wa mama mwenye leso ungefungua mdomo, maneno yangekuwa ya Zeituni. Mwanamke aliyepimwa angetumiwa majibu yake kwa simu kama video fupi. Alisoma bila kukwama mpaka akafika hapa: "Matokeo yako ni chanya. Kwa ushauri zaidi, tembelea kliniki."

"Hapa mtapoteza watu," alimwambia Walter, msimamizi wa kurekodi. "Huku chanya ni kitu kizuri. Mapasta wanahubiri fikra chanya kila Jumapili. Semeni tu, tumepata shida, njoo utibiwe."

"Mama Rayyan," Walter akajibu, akimwita kwa jina la mwanawe, "script ilishapitishwa Nairobi. Wewe soma tu."

Akasoma. Tena akasoma kwa ule utamu wake wa kuuzia sabuni, na hilo hajajisamehe mpaka leo.

Dorca, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, huko Kisian, alikuwa rafiki yake wa tangu ujana. Zeituni ndiye aliyemsukuma akapimwe. Majuma mawili baadaye Dorca akampigia simu akicheka.

"Majibu imekuja, nyar gi mama, dada yangu. Iko poa kabisa!"

"Alhamdulillahi," Zeituni akasema, wakahamia habari za harusi. Hakuuliza video imesemaje. Yeye aliyeujua mtego ule kuliko mtu yeyote Kisumu, hakuuliza! Neno moja tu, likamshinda.

Mwaka na miezi minne ukapita. Dorca alipoanza kutokwa damu, ugonjwa ulikuwa umeshaenea, na daktari hakuficha kwamba muda wa kutibu ulikuwa umepita. Zeituni alimkuta wodini amekonda, simu mkononi, video ile bado imo.

"Sikurudi kliniki kwa sababu ni wewe ulisema," Dorca alimwambia polepole, bila hasira. "Nilisikia sauti yako, nikajua niko salama."

Heri angemtukana. Zeituni alitoka nje akilia, akapita penye mabenchi ya wanaosubiri. Kwenye runinga ya ukutani walikuwa wakionyeshwa jinsi majibu yatakavyowafikia; yule mama wa leso alikuwa akisema, "Matokeo yako ni chanya," na wanawake wawili wakitikisa vichwa kwa furaha.

"Hapana!" Zeituni akapaza sauti. "Chanya ni ugonjwa! Mama zangu, msidanganyike, ni ugonjwa!"

Askari wa mlangoni akaja mbio, akamshika mkono.

"Nyamaza, Mama," akamwambia. "Acha watu wasikize video."