Apolinary na Kaburi la Mama Yake

Apolinary, mtoto wa marehemu mdogo wangu, anapikiaga Wachina wanaojenga barabara kule Bunda. Sikukuu zao anazishika zote. Mwaka wao mpya anabandika karatasi nyekundu mlangoni, Septemba mwezi ukijaa anakula keki zao. Krismasi hapa Murangi hatumwoni. Kaburi la mama yake nililiacha na majani miaka sita, makusudi, nimngoje yeye.

Aprili hii akaja na jembe na machungwa.

"Mama mkubwa, leo Wachina wanasafishaga makaburi ya wazazi."

"Kumbe mpaka Mchina akukumbushe mama yako!"

Akapalilia, akapanga machungwa, akapiga magoti akalia. Nikamwacha amalize.

"Huyo ni mzee Magesa," nikamwambia. "Mama yako yuko kule kwenye majani. Haya, shika jembe."