Koki ya Chini ya Tangi la Festo

Jumapili, tarehe kumi na nane. Mwaka mmoja na miezi miwili tangu nitoke Mafinga kuja kuchimba dhahabu huku Makongolosi.

Jamani, kichwa changu kinakataa. Festo amekufa Jumatatu, amezikwa Jumatano, na mimi siku zote hizo nilikuwa shimoni napiga mwamba.

Jumatatu nilipopanda juu na kuwasha simu, ujumbe wa kwanza ulikuwa wa mke wake, mama Neema: "Shem, tangi la kompresa limepasuka. Festo hatunaye."

Nikaenda kuomba ruhusa. Meneja akauliza, "Ni ndugu yako wa damu?" Nikasema ni rafiki. "Rafiki hana ruhusa ya msiba. Rudi kazini."

Kwa wasiomjua, Festo alikuwa seremala aliyegeuka fundi wa samaki wa mbao. Anaokota mabaki ya mti wa msindano, yaani msonobari, kwenye viwanda vya mbao, anachonga samaki mdogo kama kidole, anamtia kipande cha madini ya risasi tumboni ili azame, anamfunga ndoano. Wavuvi wa bwawa la Mtera wanamrusha majini, samaki mkubwa anadhani amepata chakula.

Alikuwa anawajaribu kwenye beseni la kuogea la binti yake. Neema amesimama na sabuni kichwani, analia, baba ameinama: "Subiri, mama, huyu bado anaogelea kiubavu."

Magamba aliyachora kwa wavu wa mfuko wa vitunguu. Anamvisha samaki wavu, anapuliza rangi, anauvua. Dah! Ungeapa katoka majini sasa hivi.

Rangi ya kopo la dukani ilikuwa nene, inafunika mpaka macho. Akapata kibunduki cha kupulizia, chembamba kama kalamu. Ukabaki upepo wa kukiendesha. Ndipo akanipigia, maana drili ninayopigia mwamba inaendeshwa na upepo wa kompresa, akaanza kwa salamu ya kwetu Wahehe, tunaoitana Mnyalu.

"Kamwene, Mnyalu! Wewe una kompresa kubwa kama nyumba. Mimi nataka ya kumpulizia samaki asiyejaza kiganja. Nichukue ipi?"

Akanitumia picha tatu. Ya kwanza ndogo, mpya, haina tangi. Ya pili mota ya friji bovu, fundi kaiunganisha na mpira. Ya tatu ya zamani, ina tangi, ya Shabani anayejaza tairi pale stendi.

Nikajibu kama injinia, mimi niliyeishia la sita. "Isiyo na tangi inatoa upepo wa kukatika kama mtu mwenye pumu, magamba yatakuwa madoa. Mota ya friji itachemka. Chukua yenye tangi, upepo wake umetulia."

"Ina kelele hiyo, mama Neema atanifukuza."

"Akufukuze ukiwa na samaki wazuri."

Tulicheka sana. Hapo sikukosea. Nilikosea baadaye, na ndiyo sababu ninaandika.

Shabani alipomuuzia Festo alimwambia hivi: kila asubuhi fungua koki ya chini ya tangi, utoe maji. Festo akanipigia kuuliza kama ni kweli.

Nikamcheka. "Huyo wa tairi anajua nini? Mimi nashinda na kompresa, sijaona mtu anafungua koki. Utapoteza upepo bure. Iache."

Akaniamini kuliko mtu aliyemuuzia. Na ukungu wetu ule wa Mafinga, ambao ndani yake hata shati haliwezi kukauka, wote ukawa unaingia tangini.

Mwezi uliopita akalalamika kwamba kibunduki kinatema matone, rangi inaharibika. Nikamwambia, "Presha ndogo hiyo. Ongeza."

Akaongeza.

Alhamisi nilimfuata opareta wetu wa kompresa, nikamuuliza kuhusu koki. Akanishangaa. "Kijana, naifungua kila alfajiri kabla hamjafika. Ulidhani maji yanakwenda wapi? Yakikaa yanakula chuma kwa ndani mpaka tangi linabaki ganda."

Akaifungua mbele yangu. Yakatoka maji ya rangi ya chai, yakanilowesha buti.

Kompresa hiyo iko hatua ishirini tu kutoka mahali ninapovalia kofia. Mwaka mzima sikuuliza, kwa sababu nilidhani najua.

Sasa nasikia ndugu wa Festo wamefunga banda la Shabani kwa kufuli lao. Wanasema aliuza tangi bovu, hawataki kumwona tena stendi. Na hapa mtandaoni nimesoma watu mnamwita muuaji.

Futeni hayo maneno. Shabani alisema ukweli, tena bila kuulizwa. Mimi ndiye niliyemwambia Festo asimsikilize. Ujumbe wangu wa sauti uko kwenye simu ya marehemu, usikilizeni wote.

Mama Neema, nisamehe kwamba unayasoma haya mbele ya watu. Nilikupigia ili nikuambie. Ulipopokea ukasema, "Shem, alikuwa anakusifu mno kwa ile kompresa, alisema bila wewe asingeweza." Nikakata simu. Haikuwa mtandao.

Tangu siku hiyo narudisha sahani ya chakula kama ilivyo. Wenzangu wanadhani ni malaria. Sina dawa ya jambo hili, na simwombi mtu anifariji.

Festo, ndugu yangu, ulikuwa unanipigia mimi kwa sababu uliniona msomi wako. Ungempigia mtu mwingine yeyote ungekuwa hai, unamsumbua mtoto na beseni lake. Pumzika, Mnyalu. Ulale pasipo kelele ya mashine yoyote.

Nimeacha kazi, ruhusa siombi tena. Ijumaa nitashuka Mafinga. Nitaanzia kwa Shabani, nimwombe twende wote kwa mama Neema. Akikataa kuongozana na mimi, nitakwenda peke yangu.